Kufundisha Takwimu Safarini: Jibu kwa Wanaouliza Kuhusu Fedha na Karatasi

Ndugu watazamaji, nimeamua kujibu swali ambalo mnaniuliza chini ya karibu kila video: ninawezaje kuishi kwa kufundisha takwimu na sayansi ya data huku nikihama kutoka nchi moja hadi nyingine? Najua kwamba nikisema kazi ipo nitaambiwa najigamba, na nikieleza adha zake nitaambiwa nalalamika ilhali nimeshiba. Iwe hivyo. Viwanja vya ndege na mandhari mmekwisha kuviona, sitavirudia.

Vifaa vya kufundishia havinisumbui. R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu ambayo Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianzisha katika Chuo Kikuu cha Auckland, hupakuliwa bure tangu zamani, na Python, lugha nyingine ya kuandikia programu, vilevile, kwa hiyo mwanafunzi wa popote huweza kuendelea na mazoezi hata baada ya mimi kuondoka. Kinachonichosha ni karatasi, yaani viza, vibali na fomu za kodi.

Wengi hudhani kwamba viza ya utalii inatosha kwa kuwa kozi ni ya juma moja tu. Katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, mgeni wa muda mfupi huruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, lakini ruhusa ya kukaa haimaanishi ruhusa ya kufanya kazi ya malipo, na kila nchi ina masharti yake kuhusu mhadhiri mgeni. Hata viza za wanaofanya kazi kwa mbali, kama ile iliyoanzishwa na Estonia mwaka 2020, zinamlenga mtu ambaye mwajiri wake, au sehemu kubwa ya wateja wake, yuko nje ya nchi hiyo. Chuo cha nchi hiyohiyo kikikualika kufundisha, hilo ni shauri jingine kabisa.

Kisha kuna kodi. Kipimo cha siku 183, yaani siku ulizokaa nchini kwa mwaka, ambacho nchi nyingi hukitumia kuamua ukaazi wa kikodi (kama wewe ni mkaazi wao kwa ajili ya kodi), kimewafanya watu waamini kwamba anayekaa muda mfupi hadaiwi chochote, kumbe malipo ya mhadhara wa siku mbili yanaweza kukatwa kodi kabla hayajakufikia. Mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili ipo, lakini ili ikusaidie huna budi kuleta cheti kutoka nchi inayokutambua kuwa mkaazi wake. Na mtu anayehamahama ndiye hasa asiyejua akiombe wapi.

Hapo mniruhusu nitoe dukuduku langu. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilinitaka nijilipie tiketi na malazi kwanza, kisha kikazuia marejesho kwa sababu kisanduku cha namba ya mlipakodi katika fomu yao kilikuwa kitupu. Mada niliyokuwa nimewafundisha ilikuwa namna ya kushughulikia data zinazokosekana! Fedha zilipokuja, benki zilizozipitisha njiani zilikuwa zimekwisha kumega sehemu yake.

Darasani kwenyewe, tatizo linalojirudia ni dogo lakini hula muda mwingi: katika nchi kama Ujerumani na Ufaransa desimali huandikwa kwa mkato, yaani 3,5, na faili za CSV, yaani majedwali ya data yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu, hutenganisha safu kwa nuktamkato. Ukizisoma kwa amri ya kawaida, namba hugeuka kuwa maandishi na wastani haukokotoleki. R ina amri ya read.csv2 kwa ajili hiyo, nami siku hizi huomba sampuli ya faili zao kabla sijaandaa somo.

Haya ni yangu; pasipoti yako na mikataba ya nchi yako huenda vikakupa majibu tofauti. Mimi sikati tiketi kabla ya kupokea barua inayotaja nani anagharimia safari, ni kodi kiasi gani itakatwa, na ni aina gani ya kibali ambacho mwenyeji ataniombea. Aliye na mwajiri wa kudumu aanze kwa kuiuliza ofisi yake ya utumishi, kwa maana kufundisha ukiwa nchi nyingine kunaweza kumletea mwajiri huyo madai ya kodi asiyoyatarajia.