Udongo usiotiwa dawa ni mzigo tu kwenye plastiki

Jamani hili nalirudia tena, maana kila nikimaliza kuongea mtu ananifuata mlangoni anauliza aweke udongo asilimia ngapi kwenye plastiki ili iwe imara. Siyo asilimia! Niambie umeutia dawa gani, yaani kemikali ya kuufanya udongo ukubaliane na plastiki.

Chukueni ile kazi ya watafiti wa Toyota kule Japani miaka ya 1980, mi siichoki. Walichukua montmorilonaiti, huu ni udongo wa matabaka, kila tabaka unene wake kama nanomita 1, na katikati kuna sodiamu inayopenda maji, nailoni haipenyi pale. Ni kama daftari lililolowa likakauka, kurasa zimegandana. Sasa wao wakaitoa ile sodiamu wakaingiza asidi ya amino yenye mkia wa kaboni 12, hiyo ndo dawa yenyewe, mkia ukaachanisha kurasa, malighafi ya nailoni 6, aina mojawapo ya nailoni, ikapenya ikageuka plastiki humo humo ndani, kurasa zikatawanyika moja moja. Udongo asilimia 4.2 tu! Nguvu ya kuvutwa ikapanda kutoka megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 69 mpaka 107, ukakamavu karibu mara mbili, na joto la kuanza kulegea ikibeba mzigo likatoka nyuzi 65 mpaka zaidi ya 140, ndo maana wakathubutu kuitengenezea kava ya taimingi belti kwenye injini. Na udongo uleule bila dawa, asilimia 5? Ikapata 61. Chini ya nailoni tupu! Udongo zaidi nguvu pungufu, maana ufa unaanzia kwenye madonge.

Najua kuna mtu hapa anasema mbona Pugu, kule Dar es Salaam, tuna kaolini, ule udongo mweupe. Ipo, tena nzuri, ila kaolini haivimbi, matabaka yake yameshikana, hiyo unaipaka sileni, kemikali ya kuunganisha, kwa nje ili ishikane na plastiki, lakini usitegemee asilimia 4 ikufanyie kazi ile, hapo utajaza 20 au 30.

Polipropilini ndo usiseme, haishiki kitu, hata udongo uwe na dawa lazima uongeze ile polipropilini iliyopandikizwa maleiki, kemikali inayoifanya ishikane na udongo, watu wanairuka kubana gharama halafu lawama kwa udongo.

Haraka haraka maana naona naonyeshwa saa, dawa nyingi za jamii ya amonia zinaanza kuoza karibu nyuzi 200, na nailoni unaiyeyusha juu ya 220, kwa hiyo plastiki ikitoka ya njano angalia hapo kwanza. Habari ya plastiki kuzuia gesi na ya kupasuka ikigongwa tutaongea siku nyingine. Mwenye sampuli alete, ila aje na jina la dawa aliyotumia.