Lita Moja, Uniti Mbili

Assalaam aleikum. Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kuona feni za ukumbi huu zinazunguka, maana kuja kuzungumza habari za umeme kukatika huku sote tunajipepea kwa vitabu ingekuwa mzaha.

Nimesomesha fizikia katika skuli za Unguja mpaka nikastaafu, kwa hiyo mtanivumilia, naanza na hesabu. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti tisa. Itie kwenye jenereta ndogo, ile ya kuvuta kamba, na ukitoa uniti mbili za umeme basi una bahati. Zilizobaki zimekwenda kwenye joto, moshi na ule ukelele unaomnyima jirani usingizi. Sasa chukua bei ya lita ya leo, igawe kwa mbili, kisha itazame risiti yako ya Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, uone uniti umeinunua kwa kiasi gani. (Kicheko.) Naona wengine jibu mmeshalipata.

Nililokuja kulisema ndilo hilo. Umeme ukikosekana, gharama yake haikosekani. Inatoka kwenye bili ya shirika la umeme inaingia kwenye petroli, kwenye mshumaa, kwenye mafuta ya taa, kwenye dumu la maji. Na kadiri ulivyo mnyonge, uniti yako huzidi kuwa ghali. Basi nikimsikia mkubwa anashangaa kwa nini watu wanalalamika na bei ya umeme haijapandishwa, mimi namshangaa yeye.

Vijana wengi humu mlikuwa wadogo, niwarejeshe nyuma kidogo. Usiku wa Mei 21, 2008 Unguja nzima iliingia gizani. Tukadhani ni ya kawaida, saa moja, saa mbili, utarudi. Ulirudi Juni 18. Tukasema alhamdulillahi, tumepata funzo. Desemba 10, 2009 ukaondoka tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 9, 2010. Hesabuni wenyewe, miezi mitatu kamili. Si mgao ule wa leo zamu ya mtaa huu, kesho wa pili. Hapakuwa na cha kugawa.

Sababu haikuwa ukame wala kukosa mitambo. Tangu 1980 umeme wa Unguja ulikuwa ukipita chini ya bahari kwa waya mmoja, kutoka Ras Kiromoni, Bara, mpaka Fumba. Wanorwe ndio waliotusaidia kuutandika, na ulikuwa wa megawati 45. Waya mmoja! Mimi darasani nikiwafundisha watoto mzunguko wa umeme nawaambia taa zikifungwa mfululizo, moja ikifa zote zinakufa. Kisiwa chetu kilifungwa hivyo hivyo, mfululizo. Hitilafu ya 2009 ilitokea pale pale Fumba, penye kituo unapotokea waya, na kisiwa kizima kikazima. Pemba wao walikuwa bado hawajaungwa na Bara, wanaendeshwa na majenereta yao ya dizeli kule Wesha ambayo sisi tulikuwa tukiyacheka. Basi mwaka ule tulichekwa sisi.

Na msinambie haikujulikana. Februari 2008 Tanzania ilitiliana saini na Marekani mkataba wa fedha za Millennium Challenge, mfuko wa Serikali ya Marekani wa misaada ya maendeleo, na ndani yake mlikuwa na waya mpya wa kuja Unguja. Miezi mitatu baadaye ule wa zamani ukatukatikia. Waya mpya, wa megawati 100, ulianza kazi 2013. Kati ya kujua na kupata, yakatufika mara mbili.

Dada yangu wakati ule alikuwa akikaa Jang'ombe, na biashara yake ni barafu, za ukwaju na za ubuyu, anawauzia watoto wa skuli. Alikuwa na friji moja la kulala, amelinunua kwa pesa za mchezo wa kina mama, amelisubiria zamu yake miezi kumi. Giza la 2008 lilimkuta limejaa. Aligawa barafu zote mtaani asubuhi yake kabla hazijayayuka, watoto wakaona kama sikukuu, akakaa mwezi mzima mikono mitupu.

La 2009 akasema halimfanyi kitu. Akakopa, akanunua jenereta. Nikamwambia dada, hesabu hii haikubali. Akaniambia wewe mwalimu, shughulika na chaki. Alikuwa akiiwasha saa sita tu kwa siku, barafu zinashika nje lakini kati ni maji. Ikawa lita tatu kila siku, na petroli yenyewe foleni, maana kisiwa kizima kinaitaka hiyo hiyo. Maji nayo ya kununua. Maji ya Unguja yanatoka chini ya ardhi, yanavutwa kwa pampu, na pampu zinataka umeme. Bomba likakauka siku ile ile taa zilipozima, na mwenye mkokoteni wa madumu akawa ndiye anayepanga bei mtaani. Barafu ya shilingi hamsini haiwezi kubeba petroli, maji na deni. Mwisho wa Januari jenereta ilikuwa imeshauzwa.

Hoteli hazikufunga, jenereta zao kubwa zilinguruma Mji Mkongwe usiku kucha. Wala siwalaumu. Lakini jenereta kubwa hukupa uniti nyingi zaidi kwa kila lita kuliko ndogo, na gharama yake unampa mgeni kwenye bei ya chumba. Dada yangu angempa nani? Mtoto wa darasa la pili?

Kuna mchumi mmoja, Alfredo Burlando, aliyelichunguza giza lile la 2008. Aligundua kwamba miezi minane hadi kumi baadaye vijiji vyenye umeme vilizaa watoto wengi kuliko kawaida. (Kicheko kirefu.) Ndiyo, chekeni. Vijiji visivyo na umeme hapakubadilika kitu, kwao kila usiku ni ule ule. Lakini mtu huyo huyo alipitia daftari za wodi ya wazazi, akaona watoto waliokuwa matumboni wakati wa giza walizaliwa na uzito mdogo. Wanaofanya kazi zinazotegemea umeme walikuwa wamepoteza saa za kazi na kipato, na kipato kikipungua sahani ya mama inapungua. Hilo hatulichekei.

Nije kwenye bei, maana najua ndiyo inayowakereketa. Sisi Zanzibar tunanunua umeme kwa jumla kutoka Bara na kuuza rejareja. Bei ya Bara inapitishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati wa kule, na EWURA mwisho wake Chumbe, yaani haivuki bahari, huku kuna ZURA, mdhibiti wetu. Kwa hiyo kila bei ilipopanda kule, huku ulikuwa mvutano, na deni likalimbikizana. Machi 2017 marehemu Rais Magufuli aliwaambia TANESCO, shirika la umeme la Bara, wawakatie wadaiwa wote, hata Zanzibar. Rais wa Zanzibar wakati ule, Shein, akajibu kwamba wakikata tutawasha vibatari. Watu walishangilia. Mimi nilicheka, halafu nikakumbuka mafuta ya taa ni bei gani. Kibatari ndio umeme ghali kuliko wote, kwa mwanga kidogo kuliko wote.

Sasa naambiwa, mwalimu, Bara wana Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, megawati 2,115, mashine tisa, shida imekwisha. Inshaallah. Lakini maji ya Rufiji hayafiki Jang'ombe mpaka yavuke bahari ndani ya waya. Swali la kuwauliza wakubwa si kule zinazalishwa megawati ngapi. Waulizeni waya ukifa leo usiku, pampu za maji zitaendeshwa na nini, kwa siku ngapi, na nani atalipa.

Umeme uliporudi ile Machi, mtaa mzima ulipiga vigelegele, watoto wakatoka nje kuruka. Nilikuwa kwa dada, nimekaa barazani. Akatoka na ungo wake wa mchele, akatazama taa, akatazama ile pembe ya ukumbi lilipokuwa friji. Alikuwa ameliuza wiki mbili nyuma, kwa mtu mwenye hoteli.