Mpira ama springi? Jibu kwa mdogo wangu wa Kadutu

Jambo yenu wote watu wa Bukavu, na nyinyi mnaoangalia kutoka Uvira. Mwanga leo mbaya, hapa Liège mvua haijakatika tangu asubuhi. Mtanivumilia.

Video iliyopita nilicheka, nikafunga mdomo haraka, lakini mliona. Ndiyo, navaa vyuma vya meno. Tangu siku ile mdogo wangu mmoja wa Kadutu hanipi usingizi: "Yaya, chonge zako wanazivuta kwa mpira ama kwa springi? Niambie ile yenye nguvu zaidi. Maumivu nitavumilia."

Mdogo wangu, hapo kwenye nguvu ndipo ulipopotea.

Chonge zangu zilikuwa zimepanda juu ya wenzake. Daktari aling'oa gego dogo kila upande, ikabaki nafasi ya milimita 7 hivi, chonge irudi nyuma ijaze. Nguvu ya kuivuta ni kama gramu 150. Nyanya kubwa ina uzito zaidi. Jino halikugandishwa kwenye mfupa, kuna nyuzi katikati. Ukilivuta taratibu, mfupa wa mbele ya safari yake unaliwa, na nyuma yake unajengwa mpya. Ukilivuta kwa hasira, damu inazibwa pale linapobana, nyama ile inafa, na jino linasimama wiki kadhaa mpaka mwili usafishe. Maumivu umeyapata, mwendo hakuna. Hata mzizi unaweza kufupika.

Sasa mpira. Ni mnyororo wa vipete vidogo, bei yake nafuu, na rangi unachagua (nilichukua buluu, nikajuta). Ubaya wake unachoka: karibu nusu ya nguvu inaisha siku ya kwanza tu, kwa mate na joto la mdomo. Ndiyo maana unarudi kila baada ya wiki nne hivi kubadilishiwa. Springi ya nikeli na titani haichoki namna hiyo, inavuta karibu sawasawa mpaka mwisho. Je, inakwenda mbio? Kidogo, sehemu ndogo ya milimita kwa mwezi. Kwa vyote viwili hesabu milimita moja kwa mwezi, mara nyingi chini yake. Kuna pia waya unaokunjwa kama herufi T, jino lisisuguane na waya mkuu, lakini huo unataka mkono wa fundi kweli.

Kitu ambacho watu hawaulizi ni hiki: unavuta ukiwa umeshika wapi? Simama ndani ya mtumbwi pale ziwani, vuta mtumbwi mwingine kwa kamba. Mitumbwi yote miwili inasogea! Chonge inarudi nyuma, gego la nyuma linakuja mbele, nafasi uliyong'olea jino inaliwa bure. Ndiyo maana wengine wanawekewa skrubu ndogo kwenye mfupa, iwe kama mti wa ufukweni wa kufungia kamba.

Nilipokuja huko Bukavu kwa matanga ya koko, kukaa miezi mitatu, nilimwomba daktari wangu wa hapa aniwekee springi kwa sababu haichoki. Alikataa. Springi haijui kwamba daktari yuko mbali: kipande kimoja kikibanduka, inaendelea kuvuta na jino linapinda. Akanifunga kwa waya usiovuta kitu. Nikala sambaza zangu za kukaanga kwa amani, ingawa vichwa vyake kuvitoa kwenye vyuma ni kazi ya usiku mzima.

Kwa hiyo muulize daktari wako wa huko kama atakuona kila mwezi, na gego litashikwa na nini. Mpira ama springi achague yeye.

Na ile picha uliyonitumia jana, umefunga meno ya mbele kwa mpira wa kufungia pesa? Mpira ule unateleza chini ya ufizi, unapanda na mzizi bila wewe kuuona, na jino zima linang'oka. Utoe leo. Ukiwa haupo tena mahali ulipoufunga, usiseme umeanguka: nenda kwa daktari wa meno kesho asubuhi. Usiku nitakupigia, uniambie umeupata ama haukupatikana.