Nusu Milimita ya Fundi

Assalamu alaykum. Wazee wangu mlioshika patasi kabla sijazaliwa, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mashine ya CNC, yaani ile ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, na nakshi zetu za milango. Najua wapo waliokuja kusikia kwamba mashine imeua kazi, na wapo waliokuja kuulizia bei yake. Wote nitawaudhi kidogo. Mashine ninayo, naitumia kila wiki, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na msasa.

Nianze na aibu yangu. Mfaa wa kwanza, yaani ule mti wa katikati ya mlango, niliouchonga kwa mashine niliuandaa kama picha ya kijivu: penye weupe mashine inabakisha mbao, penye weusi inazama. Picha ile ilikuwa ya biti 8, yaani ina ngazi 256 tu kutoka juu hadi chini. Kwa kina cha milimita 20, kila ngazi ni kama milimita 0.08. Utasema huo ni unywele. Lakini kwenye mgongo wa jani unaoteremka polepole, ngazi hutandaa, ukaziona kama makinga maji ya shamba la mlimani. (Picha ya biti 16 ina ngazi zaidi ya 65,000, tangu siku ile sikubali nyingine.) Basi nikashika msasa. Siku mbili nzima. Ngazi zikaisha, na maua yakaisha nazo, yakawa kama sabuni iliyokogewa. Mteja akapitisha kidole gumba, akaniuliza, "Fundi, hii mbao au plastiki?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile nikaenda Mji Mkongwe, nikasimama mbele ya mlango wa zamani, jua likiwa ubavuni. Nimepita pale maisha yangu yote, ila siku hiyo ndiyo niliyotazama. Uso wa ua si laini. Umejaa makato madogo madogo, kila moja pigo la patasi, na mwanga unakatikia hapo. Kando ya petali kuna mstari mweusi wa kivuli, kwa sababu fundi aliipenyeza patasi kwa chini, petali ikaachana na uwanja wake.

Mashine zetu nyingi zinakwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, basi. Chini ya petali haziingii. Kona ya ndani nayo haziiwezi: keekee ya kukatia yenye kipenyo cha milimita 6 ikipita penye kona huacha mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 3. Na haijui nyuzi. Mvule, kwa mfano, nyuzi zake zimepishana; sehemu moja zinakuja kwako, kidole kimoja mbele zinakukimbia. Mkono ukihisi mbao inanyofoka, unageuza patasi. Mashine inanyofoa tu na kuendelea. Tena mvule una mawe ndani, chokaa iliyogandia kwenye mti wenyewe. Nimeshapoteza keekee mpya kwa jiwe dogo kama punje ya mtama. Vumbi lake nalo linawasha, vaeni barakoa.

Sasa nafanyaje? Uwanja, yaani ile sehemu ya chini iliyo bapa, naiachia mashine imalize kabisa, maana ndiyo kazi iliyokuwa ikituua mgongo. Lakini kwenye maua, majani na minyororo ya pembeni naiagiza iache nusu milimita juu ya mchoro. Hiyo nusu milimita ni yangu.

Na hapa kuna hesabu inayowafurahisha vijana. Chukua mfaa wa milimita 150 kwa mita 2, na keekee ya kichwa cha duara ya milimita 6. Ukiisogeza milimita 0.6 kila mpito, ni mipito 250, safari ya mita 500. Kwa mwendo wa mita 2.5 kwa dakika, umekaa saa tatu na dakika ishirini. Ukiisogeza milimita 1.5, ni mipito 100, saa moja na dakika ishirini. Matuta yanayobaki penye ubapa yana urefu wa kama milimita 0.1, yote yamo ndani ya ile nusu milimita, na patasi itayaondoa. Kwa hiyo tunahangaika saa mbili kuifundisha mashine ulaini ambao mkono hauuhitaji!

Jambo moja msilisahau: msasa usitangulie patasi. Chembe zake hubaki kwenye mbao, na patasi uliyoinoa asubuhi itakuwa butu kabla ya adhuhuri. Mimi sasa msasa naupitisha kwenye fremu iliyo tupu, penye nakshi haugusi.

Kuna vipande viwili vya mninga vinavyopita kwenu, mchoro mmoja, mashine moja. Kimoja kimemaliziwa kwa msasa, kingine kwa patasi. Fumbeni macho mvipapase, kisha vielekezeni dirishani. Wakati vinazunguka, mwenye kutaka kujaribu aje hapa mbele. Nimefunga mbao tatu zenye nusu milimita yake, na patasi nimezinoa alfajiri.