Koo la mtoto ndo mlango wa moyo

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wale mlioko nyuma sogeeni, viti vipo. Nimeitwa niongelee upasuaji wa moyo na mambo mapya, nitayasema, lakini mnaonifahamu mnajua mimi lazima nianze na koo. Miaka yote niliyouguza kliniki ya moyo nimeanzia hapo na leo siachi.

Kuna binti alikuwa anakaa Mabatini hapa Mwanza, juu kabisa kule kwenye mawe, mama yake anauza dagaa. Akiwa na miaka tisa koo likamuuma, homa juu, hakohoi wala hana mafua, mama akampa maji ya chumvi, jirani akasema hiyo ni kimeo, wakampeleka kwa mzee mmoja akakikata. Koo likatulia, si lingetulia lenyewe tu! Wiki tatu baadae goti likavimba, likapona, kikahamia kifundo cha mguu, kikapona, mara kiwiko. Zahanati wakampa dawa ya malaria. Af yakaisha, kila mtu akasahau. Miaka miwili mbele mtoto akipanda mlima kutoka shule anakaa kwenye jiwe la kwanza, anakaa la pili, anakaa la tatu, mama anamgombeza mvivu wewe. Alipokuja kwetu analala ameegemea mito mitatu, tukamfanyia eko, yaani ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, valvu ya mitro, yaani mlango wa damu ndani ya moyo upande wa kushoto, imekakamaa. Mama alilia kwa sababu ya yale mawe, alikuwa anamchapa.

Sasa sikilizeni, yule bakteria wa koo anaitwa streptokoka, mwili ukipigana nae kinga inakosea inashambulia viungo na valvu za moyo, ndo inaitwa homa ya baridi yabisi, au rumatiki. Penisilini ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze, homa hiyo ya baridi yabisi inazuilika. Najua kuna mtu atasema kila koo si bakteria, kweli kabisa, mengi ni virusi, mtoto mwenye mafua na kikohozi mara nyingi hahitaji antibayotiki. Ndo maana nasema apimwe, sijasema mkanunue vidonge duka la dawa! Na kimeo hakina kosa lolote, kiacheni.

Mwingine ataniambia ile sindano ya penisilini ya kila mwezi, wanayochomwa watoto wenye ugonjwa huu usizidi, inaua. Hapa nijibu vizuri maana akina mama wanawatoa watoto kwenye sindano kwa hofu hii. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri kwamba kwa wale ambao valvu imeharibika sana au moyo umechoka kabisa, vidonge vinaweza kuwa salama kuliko sindano, sababu waliofariki baada ya sindano wengi inaonekana ni moyo uliozidiwa, sio mzio. Kwa mtoto ambae ugonjwa ndo unaanza ni habari tofauti. Wenzetu hapo Uganda, Gulu, walichukua watoto 818 ambao eko ilionesha dalili za mwanzo, nusu wakachomwa kila wiki nne kwa miaka miwili. Waliochomwa, watatu tu ndo ugonjwa uliendelea. Wasiochomwa, 33. Matokeo yalitoka 2021. Watatu kwa 33, nisemeje tena?

Ee, naona naoneshwa saa. Basi haraka. Ile ya kuweka valvu kupitia mshipa wa paja bila kupasua kifua, dokta Cribier alianza Ufaransa 2002, ni nzuri, ila imetengenezwa zaidi kwa wazee ambao valvu ya aota, mlango wa kutolea damu mwilini, imeganda chokaa, wagonjwa wetu ni wasichana wa mitro. Wao wakiwahi wanaweza kupanuliwa kwa puto. Wakichelewa ni kupasua, na valvu ya chuma maana yake wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote na kupima damu mara kwa mara, sasa mtu wa Ukerewe apande meli kila akipima? Na akitaka mimba, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kulikuwa na matumaini dawa mpya zisizohitaji vipimo hivyo zitasaidia wenye valvu za rumatiki na mapigo yaliyovurugika, utafiti mkubwa wa 2022 ukaonesha waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya hizo mpya, walikufa zaidi kuliko wa wafarini. Kwaiyo msibadilishiwe dawa kienyeji.

Ya presha na ya gharama nimeyakosa, tutayajibu kwenye maswali. Ila kabla hamjauliza, nani amekuja na mtoto aliyelalamika koo wiki hii? Wewe mama, na wewe dada wa kitenge cha kijani. Msiondoke, pitieni hapo meza ya mlangoni, nesi yupo na tochi.