Ndoa Marekani imekuwa ya wenye nacho

Haya jamani karibuni, wale wa nyuma kama sauti haifiki nyosheni mkono. Leo naongelea familia ya Mmarekani, na kila mada hii ikiguswa huwa nasikia maneno yaleyale, kwamba wale watu wameshaharibikiwa, hawaoi, wakioana wanaachana, wazee wanatelekezwa. Mimi nimesoma takwimu zao na nawaambia ukweli, kilichobadilika zaidi ni mfuko, na tabia imefuata mfuko.

Kuna ile picha ya baba na suti, mama na aproni, watoto watatu na gari nje, watu wanaichukulia kama ndo familia ya asili ya Kimarekani. Siyo. Mwaka 1890 mwanaume wa kule alikuwa anaoa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 26, halafu ikashuka wee mpaka 1956 ikafika 22 na nusu, mwanamke 20, yaani vijana wakawa wanaoana mapema kuliko babu zao! Kwa nini? Vita ya Pili ya Dunia imeisha, serikali inasomesha wanajeshi waliorudi na inawadhamini mikopo ya nyumba, kiwanda kinaajiri mtu aliyeishia sekondari na mshahara wake mmoja unatosha kulisha nyumba nzima. Tena tusimsahau mtu mweusi hapo, maana Levittown, ule mji wa nyumba za bei nafuu ulioanza kujengwa nje ya New York 1947, mikataba yake ya mwanzo ilikataza weusi kuishi humo. Kwa hiyo hata hiyo neema ilikuwa na wenyewe.

Sasa njoo Youngstown, Ohio. Septemba 1977 watu wanaamka Jumatatu wanaambiwa kiwanda cha chuma cha Campbell kinafungwa, ajira kama 5,000 zimekwenda, na huo ulikuwa mwanzo tu. Nchi nzima kazi za viwandani zilikuwa zaidi ya milioni 19 mwaka 1979, kufika 2010 zimebaki kama milioni 11 na nusu. Jiulize kijana wa mji kama ule, hana digrii, anabadilisha shifti leo usiku kesho asubuhi, kodi ya apatimenti inamtoa jasho, huyo unamwambia aoe, aoe na nini? Anapenda, ana mtu wake, wanaishi zile zetu za sogea tukae, mtoto anakuja. Ndo maana 1960 watoto waliozaliwa nje ya ndoa walikuwa kama asilimia 5 na leo ni karibu asilimia 40.

Lakini waangalie wenye digrii zao. Hawa wanachelewa, kitaifa umri wa kuoa sasa umepita 30 kwa mwanaume na 28 kwa mwanamke, ila wakishaoana wengi wanadumu, na wengi wao wanazaa wakiwa ndani ya ndoa. Na talaka zimeshuka, hii watu hawaamini nikiwaambia, 1981 zilikuwa 5.3 kwa kila watu 1,000, sasa hivi ni kama 2.4. Sehemu ya sababu ni hiyohiyo, wanaooana siku hizi ni wale wenye uwezo wa kukaa. Mwanasosholojia Andrew Cherlin wa chuo kikuu cha Johns Hopkins ameieleza vizuri sana, kwamba zamani ndoa ilikuwa msingi, unaanza nayo ndo unajenga maisha, siku hizi imekuwa kama paa, unaliweka mwisho baada ya shule, kazi na nyumba. Asiye na kuta aezeke wapi?

Na sheria nazo zinasukuma. Mlemavu maskini anayepewa ule msaada wa serikali wa kila mwezi uitwao SSI haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, wakioana wawili kikomo chao kinakuwa 3,000 badala ya 4,000, na hela yenyewe ya mwezi inapungua kuliko kila mmoja angekuwa peke yake. Hii inaniumiza kweli, serikali ileile inayosifia ndoa inawakata maskini wakifunga ndoa.

Watoto wanaishije? Ukikaa kule utaona Ijumaa jioni kwenye parking ya supamaketi, gari mbili zimesimama pembeni, mtoto anashuka na begi na mto wake anahamia gari nyingine, wikiendi ni ya baba. Wazazi hawaongei sana, wanasaini, wanaondoka. Wengine wanaelewana vizuri tu, lakini ratiba ni ya mahakama.

Upande wa wazee ndo Waswahili wenzetu wanaujua kwa mikono, maana wengi wanaobeba boksi kule wanalea wazee. Bibi anaishi peke yake, shingoni ana kidude cha kubonyeza akianguka, mwanae yuko jimbo lingine na hajamtupa, anapiga simu kila siku, ila akiacha kazi amuuguze mama nani atamlipa? Sheria ya likizo ya familia ya 1993 inampa wiki 12 bila mshahara, na ukiwa kwenye kampuni ya watu chini ya 50 kwa kawaida hata hizo hupati. Nyumba za mtu mmoja sasa ni zaidi ya robo ya nyumba zote.

Wakati huohuo kuna watu wanarudi kukaa pamoja, bibi, mama na wajukuu paa moja, kutoka asilimia 7 ya Wamarekani mwaka 1971 mpaka 18 mwaka 2021, kodi za nyumba na gharama za deikea, yaani kulelewa watoto mchana, zimewarudisha, pamoja na wahamiaji ambao hawakuwahi kuacha. Kwa hiyo ukiniuliza familia ya kule inaelekea wapi, nitakuuliza kwanza ni ya nani, ya daktari wa Boston au ya muuza duka wa Youngstown, maana hizo mbili zinazidi kuwa mbalimbali. Haya, maswali, tuanze na dada pale mbele.