Kwanza majani au kwanza pembetatu

Zuhura: Haya tumerudi jamani, mi na Bahati kama kawaida, na nyie mliokuwa mnanitumia sauti wiki nzima vipi mdogo wako kapata leseni, leo anajibu mwenyewe. Bahati, imetoka?

Bahati: Haijatoka dada.

Zuhura: Usiniambie.

Bahati: Nimeenda Jumanne kupima, Daraja E, ile ya magari makubwa. Uwanjani sikuwa na shida, tela nimelirudisha nyuma kati ya nguzo mara moja tu na sikugusa kitu, na hapo ndo watu wengi wanakwama maana usukani unaukata huku tela linaenda kule, ukichelewa kuufuata linajikunja unaona kichwa cha lori kinatazamana na kontena. Nikapita. Alama za barabarani nikapita. Mpimaji akaja na swali moja la mdomo, gari limekufia mlima Kitonga, ule wa kona nyingi njia ya Iringa, usiku, una mzigo, unafanya nini.

Zuhura: Ukamwambiaje?

Bahati: Nikamwambia utingo anaruka chini anaweka jiwe kwenye tairi halafu anakata majani anayapanga barabarani kuwaonya wanaokuja.

Zuhura: Majani! Bahati!

Bahati: Ndo nilivyofundishwa, miaka 4 nimekaa kiti cha utingo sijawahi kuona tofauti. Yule mpimaji akaniangalia weee, akafunga faili, akasema rudi wiki ijayo.

Zuhura: Alikuwa anataka pembetatu, ile inayong'aa ya kuweka barabarani gari likiharibika.

Bahati: Alikuwa anataka pembetatu, na kwenye gari zipo, sijasema hazipo.

Zuhura: Pole mdogo wangu, pole kwa kweli. Sasa jamani leo tulipanga mambo matano kwa vijana wanaotaka kuingia kwenye malori, nimeyaandika hapa, la kwanza leseni ya mwanafunzi, kwamba huwezi ku...

Bahati: Dada samahani, kabla ya la kwanza, nimalizie majani.

Zuhura: Malizia.

Bahati: Anayesafiri barabara ya Tunduma anayajua, unakuta tawi barabarani, hatua kadhaa tawi lingine, ukikata kona unalikuta semi limelala. Dereva wa basi anaelewa, wa bodaboda anaelewa, mpaka Mzambia anayepanda na gari lake anaelewa, hakuna aliyekaa darasani kufundishwa. Sasa pembetatu, pale Kitonga kona zilivyobanana, ukiiweka karibu na gari mtu anaiona akiwa ameshafika, ukiipeleka mbali huko juu ya kona basi likipita upepo unailaza, au ukirudi hukuti. Majani naanza nayo mbali kabisa kabla ya kona. Unatoa mguu kwenye mafuta hata gari hujaliona.

Zuhura: Mchana.

Bahati: Hata usiku.

Zuhura: Usiku majani hayang'ai Bahati! Pembetatu inarudisha taa zako, tawi la mti ni jeusi kama lami. Halafu gari likishapona nani anayaokota? Mnapanda mnaondoka, kesho nakutana na majani napunguza mwendo hakuna gari, kesho kutwa tena hakuna, siku ya tatu sipunguzi, na siku hiyo lipo. Na mawe. We unajua kwa nini nasema mawe.

Bahati: Najua dada.

Zuhura: Mtoto wa mama mdogo alilipanda jiwe la lori saa mbili usiku na bodaboda yake, lori lilishaondoka kitambo, jiwe limeachwa katikati ya njia. Paja. Mpaka leo anachechemea. Huyo utingo aliyeliacha wala hajui, huenda sahivi ni dereva anamfundisha mwenzie.

Bahati: Kwenye mawe niko na wewe, dereva wangu ukisahau jiwe anakurudisha kwa miguu ukalitoe, hata liwe mbali vipi. Lakini majani hapana.

Zuhura: Kwa hiyo akikuuliza tena utajibu majani?

Bahati: Dada hili swali limeniuma kwa sababu ni kama ile miaka 4 haina kazi. Chuo nilichopita mi ni uwanja tambarare, tela tupu. Kushuka Kitonga na shaba ya Kongo mgongoni kanifundisha dereva, kwamba gia unaipanga huku juu kabla hujaanza kuteremka, unashuka na gia ndogo na breki ya eksozi, ile inayobana moshi wa injini, mguu unagusa tu unaachia, maana breki zikishapata moto unakanyaga hazishiki na hapo hata gia haikubali tena kurudi. Ukisikia harufu umeshachelewa. Na mshale wa upepo wa breki hauachi kuuangalia, upepo ukiisha breki za nyuma zinajifunga zenyewe, umekaa katikati ya mlima. Mizani hivyo hivyo, tani 56 gari zima na mzigo, lakini zile ekseli 3 za nyuma zenye tairi mbilimbili zikizidi tani 24 unakamatwa hata kama jumla iko sawa, ndo maana utingo anasimamia mzigo unavyopangwa.

Zuhura: Na huyo dereva ndo alikupa usukani hata leseni ya mwanafunzi huna.

Bahati: ...Alinipa. Baada ya Makambako, alfajiri, njia nyeupe, yeye kakaa pembeni macho kodo.

Zuhura: Na mngekutana na mtoto wa mama mdogo hiyo alfajiri?

Bahati: Tusingemgonga.

Zuhura: Hujui. Mi nasema mtu aanze NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, au VETA kwenye vyuo vya ufundi, apate karatasi, ndo apande kwenye kichwa, haya ya kuokoteza njiani yana mazuri na yana majani.

Bahati: Na mi nasema mtu aanze utingo, alale chini ya tela, akafunge turubai kwenye mvua, akishalijua gari ndo aende huko chuo. Mwenye karatasi bila utingo simpandishii mlima.

Zuhura: Mi simpi gari asiyejua pembetatu.

Bahati: Naijua! Nimesema zipo kwenye gari!

Zuhura: Jamani, naoneshwa saa hapa, na la kwanza lenyewe sijalisoma. Basi kwa haraka tu, leseni ya mwanafunzi ndo mlango, ile leseni kubwa ikishatoka inadumu miaka 5, ile inshu ya macho na... hapana, hayatoshi, nayaacha, tutayafanya siku nyingine. Bahati unarudi kupima lini?

Bahati: Alhamisi.

Zuhura: Utajibu nini?

Bahati: Pembetatu kwanza.

Zuhura: Kwanza?

Bahati: Dada, muda umeisha.